Shangazi, majirani wanataka niwatembezee mbwa wao. Niache kazi ya bustani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27. Kwetu ni Arua, ila Kampala nimeshaizoea. Ninafanya kazi ya bustani kwenye nyumba moja Muyenga, kule juu karibu na matangi ya maji. Ninalala Namuwongo, kwa hiyo asubuhi napanda kilima kwa miguu na jioni nashuka. Mshahara wangu ni laki tatu kwa mwezi pamoja na chakula cha mchana.

Madam ana mbwa wawili, jike la German Shepherd na kijibwa cheupe cha Japanese Spitz. Mwanzoni niliwaogopa. Kidogo kidogo madam akanifundisha kuwafunga kamba na kuwazungusha mtaani kabla jua halijawa kali. Siku hizi wakisikia viatu vyangu getini wanapiga kelele hadi jirani anajua nimefika. Shangazi, sitaficha, kazi hii ya mbwa naipenda kuliko kufyeka majani.

Majirani wameona. Nyumba ya chini yetu kuna Wazungu wa shirika fulani, wanataka niwatembezee Labrador wao kila siku na wamesema nitaje bei mwenyewe. Kuna mzee mmoja Mganda, mstaafu, ana Rottweiler wa ulinzi ambaye tangu aletwe hajawahi kutoka nje ya geti. Mchana anashinda kibandani, usiku anafunguliwa. Mzee anasema atanipa shilingi 5,000 kila nitakapomtembeza. Mwingine ana mbwa watatu na anataka niwachukue pamoja na wawili wa madam kwa mkupuo mmoja, eti si njia ni ileile. Halafu kuna rafiki za madam, mmoja Kololo na mwingine Bugolobi, nao wameniulizia. Rafiki yangu anasema niache bustani sasa hivi, nichapishe fulana na kadi, nifungue ukurasa wa Facebook.

Tatizo jingine ni la nyumbani. Sisi ni Waislamu. Ijumaa moja nilipita kwa mjomba wangu Kisenyi nikitoka kazini, suruali ina manyoya ya mbwa. Alinikataza kukaa kwenye jamvi. Akasema, "Tumekusomesha mpaka Senior Four ili ukafuate mbwa wa watu barabarani?" Kisha akampigia mama simu Arua. Mama hakunigombeza, amenyamaza tu, na kule kunyamaza kwake ndiko kunakoniumiza.

Niache kazi au nisiache? Nidai bei gani? Na hili la najisi nilifanyeje?

Mtembeza mbwa, Namuwongo

Marahaba, mwanangu.

Bustani usiiache mwezi huu. Kwa nini, nitakueleza, na lini uiache nitakwambia pia. Ila nianze na mama, maana naona yeye ndiye anayekunyima usingizi.

Mimi si sheikh na sitajifanya sheikh. Ninachokijua ni kile tulichofundishwa madrasa wengi wetu tunaofuata madhehebu ya Shafi: mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito, na yakikugusa unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Tulifundishwa pia kwamba kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Na tulifundishwa kwamba mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo wameruhusiwa, na habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akakijaza maji kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Mjomba wako anazijua habari hizi kama ninavyozijua mimi. Alichokataa siku ile ni suruali yenye manyoya na mate kwenye jamvi anapoweka paji la uso, na hapo yuko sawa.

Basi nguo za kazi zibaki kazini. Ovaroli na gambuti, viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko kwenye stoo ya madam, vifuliwe hukohuko. Oga kabla ya kushuka kilima, uvae nguo ambazo mbwa hajazigusa. Na ukienda kwa sheikh, usimuulize kama mbwa ni haramu, kwa sababu swali hilo litakurudisha pale mjomba alipokuacha. Mweleze kazi ilivyo: mbwa si wako, hulali nao, unawatembeza kwa ujira na kuwarudisha kwao, wengi wao ni walinzi wa nyumba. Jibu atakalokupa ndilo utakalompelekea mjomba. Mama mpigie wewe, tena leo, kabla hajasikia habari nyingine kutoka Kisenyi. Amesikia "anafuata mbwa barabarani" na hajui zaidi ya hapo. Mwambie ni nyumba gani, kwa saa ngapi, unajisafisha vipi, unalipwa kiasi gani.

Na hili la aibu silikubali hata kidogo. Kule Gulu kuna mradi uitwao Comfort Dog Project. Unawachukua mbwa waliokuwa wakizurura, unawaunganisha na watu walioumizwa na vita vya waasi wa LRA, na watu hao wanafundishwa kumlea mbwa na kutembea naye. Watu waliopitia mambo mazito kuliko mimi na wewe wamepata nafuu kwa njia hiyo, hapahapa Uganda. Mbwa wa Muyenga anayeshinda kwenye kibanda cha mabati naye ana haki ya kunyoosha miguu, na atakayemsaidia hana cha kuonea haya.

Sasa biashara. Rafiki za madam wa Kololo na Bugolobi waambie kwa adabu kwamba kwa sasa hutaweza.

Mbwa hatembezwi saa yoyote. Hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Joto hulitoa kwa kuhema ulimi nje, na jasho kidogo kwenye nyayo. Lami ikishapata jua la saa nne, weka mgongo wa kiganja chako juu yake uhesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, ujue na nyayo zake zitaungua. Mbwa wenye pua bapa, kama Pug na Bulldog, joto huwaua haraka zaidi. Kwa hiyo saa zako ni chache: kunapopambazuka hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na nusu hadi giza, nalo giza kwetu hapa kwenye ikweta huingia mnamo saa moja mwaka mzima. Ukimtembeza mbwa dakika 45, robo saa inayobaki inaishia kwenye kumchukua, kumnywesha maji, kumkagua kupe na kumweleza mwenyewe alivyoshinda. Hapo asubuhi unapata mizunguko mitatu na jioni miwili. Mitano kwa siku, basi.

Hebu weka Kololo katikati ya hiyo mitano. Foleni ya asubuhi unaijua. Boda elfu nne au tano kwenda, na kiasi hicho kurudi, na mzunguko wa pili umekupita ukiwa barabarani. Lakini kilimani kwako unatoka geti hili unaingia lile. Unajua nyumba ipi huacha geti wazi, mtaro upi hauna mfuniko, jalala gani lina mbwa koko, askari gani atakushikia geti. Mtu wa Kololo akianza biashara hii kesho hatakuwa na hayo yako. Chukua Muyenga peke yake, na ikijaa teremka Bukasa.

Bei ya elfu tano usiikubali. Tupige hesabu pamoja. Mizunguko mitano kwa siku, siku 22 za mwezi, kwa elfu tano ni laki tano na nusu, na hapo umejaza kila nafasi, hujaugua, hakuna mteja aliyesafiri. Mimi ningeanzia elfu kumi kwa mzunguko, au laki mbili kwa mwezi kwa nyumba inayotaka kila siku ya kazi, kulipwa tarehe za mwanzo kwa simu. Mbwa wa pili wa nyumba hiyohiyo aongezewe nusu. Nyumba tatu tu ni laki sita, mara mbili ya mshahara wako wa sasa.

Hizo tatu unaweza kuzipata bila kuacha bustani. Zungumza na madam uanze kazi yake saa mbili kamili. Kabla ya hapo unamaliza nyumba mbili, na ya tatu unaichukua jioni ukishamaliza bustani. Nyumba tatu zikikulipa miezi mitatu mfululizo bila kusumbuana, hapo peleka taarifa ya mwezi mmoja kwa madam na uingie mzimamzima.

Malipo ya mwezi mzima nayasisitiza kwa sababu ya mvua na safari. Masika yetu ya Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, zitakukuta getini umeshika kamba. Siku hiyo mchezeshe mbwa barazani, mchane manyoya, mfundishe kukaa na kusubiri. Ada ni ileile. Safari ndizo zinazoua biashara hii. Wageni wa mashirika na balozi wengi huenda likizo Julai na Desemba, na wengine huhama kabisa katikati ya mwaka shule za watoto wao zinapofunga. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, ukurasa mmoja unatosha: wakisafiri watalipa nusu kukushikia nafasi, au watalipa kamili na wewe utapita mara mbili kwa siku kumlisha mbwa na kumtoa. Wakihama, taarifa ya mwezi.

Ndiyo maana huyo mzee mstaafu usimdharau. Yeye haendi popote. Kama laki mbili ni nyingi kwake, mpe siku tatu kwa wiki kwa elfu kumi, lakini elfu tano hapana.

Tumfikie basi huyo Rottweiler, maana ndiye aliyenitia hofu katika barua yako. Mbwa ambaye hajawahi kutoka nje ya geti haijui boda, hamjui mtoto anayekimbia, hamjui mama mwenye beseni kichwani. Kwake kila kinachosogea nje ni adui, na kazi aliyofunzwa ni kumzuia adui. Ukimtoa kesho, atakuburuta au atamuuma mtu, na mzee atasema ulikuwa naye wewe. Mwanzo wote wiki nzima ufanyike ndani ya ua. Nenda mzee akiwepo, kaa pembeni ya kibanda bila kumkodolea macho, mrushie kipande cha nyama, ondoka. Akishakuja kwako mwenyewe, mwili umelegea na mkia chini unapepea taratibu, mfunge kamba mzunguke ndani ya ua dakika kumi. Mbwa aliyekakamaa, mkia juu umesimama, mdomo umefungwa na jicho limekutolea weupe, usimguse hata kama haungurumi. Wengine hawaungurumi kabisa kabla ya kuuma. Ukifika wakati wa kutoka, muulize mzee akubali avae kizuizi cha mdomo, kile cha wavu kinachomwacha aheme na kunywa maji. Akikataa, au ikipita mwezi bado mbwa anakurukia, mwambie mzee kwamba huyu ni wa kutembezwa ndani ya ua tu. Bado ni kazi, na bado analipia.

Watano kwa mkupuo kataa. Mmoja akimwona paka wote watano wanavuta, na barabara zile hazina njia ya miguu. Wawili wa nyumba moja waliozoeana, mwisho. Kamba iwe ya mita moja na nusu hivi, si ile ya kujivuta ndani na nje. Tia kidole gumba kwenye kitanzi, ukunje kamba kiganjani, usijiviringishie mkononi kamwe, kwani mbwa wa kilo 40 akishtuka atakuvunja vidole. Kola iingie vidole viwili chini yake, si zaidi. Ikilegea atarudi kinyumenyume, kichwa kitachomoka, na utabaki na kola tupu ukimwangalia akielekea barabarani. Kwa vile magari yetu hupita kushoto, wewe tembea kulia ukiyaona yanakuja, na mbwa awe mkono wako wa kulia, mbali nayo. Usimtembeze aliyetoka kula muda huohuo, hasa hao wakubwa wenye kifua kirefu, kwani tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda, na hilo huua ndani ya saa chache. Mkikutana na mbwa koko usikimbie. Geuka taratibu, urudi ulikotoka, na vipande vya biskuti mfukoni vya kuwatupia mbali vinasaidia sana.

Pesa ambayo rafiki yako anataka uichapishie fulana, itumie kwenye mkono wako. Kichaa cha mbwa bado kipo Uganda, na dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hakuna kupona. Kwa wanaoshika mbwa kila siku, Shirika la Afya Duniani linashauri tangu 2018 chanjo ya kinga kabla ya kuumwa: sindano mbili, ya pili wiki moja baada ya ya kwanza. Uliza hospitalini kabla hujamchukua mteja wa pili. Ukiumwa au ukikwaruzwa hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ulishachanjwa, kwani bado utahitaji sindano za kuongezea. Nataka uniahidi hilo hata kama mengine yote utayasahau. Na mbwa yeyote ambaye mwenyewe hana kadi ya chanjo iliyo hai, usimpokee, awe wa Mzungu au wa waziri. Ukiwa na swali la afya ya mbwa, chuo cha udaktari wa mifugo pale Makerere kina kliniki ya wanyama wadogo. Watoto wa mbwa nao wasitoke mtaani kabla hawajamaliza chanjo zao, mnamo miezi minne, kwa sababu ya ugonjwa wa virusi uitwao parvo.

Makaratasi hayana ugumu. Kama mlipakodi unajiandikisha URA, mamlaka ya kodi, kwa kitambulisho chako cha taifa. Jina la biashara unaliandikisha URSB, ofisi ya usajili wa biashara, leseni unaiuliza KCCA, mamlaka ya jiji, lakini hivi vifanye ukishaamua kuacha bustani. Kwa sheria ilivyo tangu 2020, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 10 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Nyumba tatu ni milioni saba na laki mbili. Ukifika tano umevuka, kwa hiyo daftari la mapato anza kuliandika tangu mteja wa kwanza. Na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, unaweza kujichangia kwa hiari. Ukiacha kazi ya mshahara hakuna mwingine atakayekuwekea akiba.

Kinachohitajika sasa hivi ni barua mbili. Moja ya mwenyekiti wa mtaa (LC1) wa Namuwongo, kwamba anakujua na unakaa hapo. Ya pili ya madam, kwamba umewatunza mbwa wake na kwa muda gani. Watu watakupa funguo na namba za geti wakiwa kazini, na watataka mtu wa kumpigia simu. Mwombe madam aandike namba atakayopatikana nayo hata akihama Uganda.